Ule mstari haufutiki kwa kufuta

Mwaka wangu wa kwanza pale steshenari, Mtwara mjini, alikuja mzee kutoka Nanyamba na mkataba ulioandikwa kwa mkono. Alikuwa anauza kipande cha shamba la mikorosho, anataka uchapwe vizuri, na gari la kurudi linaondoka saa nane.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Haitachelewa?"

Nikamwambia haichelewi. Nikachapa hadi mwisho, nikafika pa sahihi: mstari, chini yake neno "Muuzaji". Nikakandamiza kistari cha chini mpaka nikaona panatosha, nikabonyeza Enter. Kile kistari changu kifupi kikageuka mstari mweusi mnene, umelala ukingo hadi ukingo wa karatasi kama pindo la khanga. Nikafuta, haufutiki. Nikauburuzia mausi ili niukamate, haukamatiki. Nikibonyeza Enter juu yake, unashuka nami. Mzee ananiangalia, mimi naangalia saa. Mwishowe nilifungua faili jipya nikachapa kazi nzima upya, na Enter nikaiogopa kama moto.

Baadaye ndipo nikaelewa. Ule mstari si herufi. Word, programu ninayochapia, ikiona umeandika vistari vitatu au zaidi peke yake kwenye mstari, kisha ukabonyeza Enter, inadhani unataka pambo: inafuta vistari vyako na kuitia mpaka wa chini aya iliyo juu yake. Ndiyo maana kufuta hakusaidii, unagombana na kivuli. Ukiuona umetokea tu, bonyeza Ctrl na Z, vistari vyako vinarudi vilivyokuwa. Kama umeshaendelea na kazi, weka kasa (kile kijistari kinachopepesa unapoandika) kwenye aya iliyo juu ya mstari, bonyeza Ctrl na Q. Unatoweka. Ila angalia, Ctrl na Q inavua mpangilio wote wa aya, kwa hiyo kichwa ulichokiweka katikati nacho kinarudi kushoto.

Na ukiandika "Sahihi:" kwanza, halafu vistari kwenye mstari uleule, hakuna kinachotokea. Laiti ningejua siku ile!

Siku hizi nautafuta kwa makusudi. Korosho zikilipwa, kazi zinazokuja ni kadi za harusi, ratiba za jando na unyago, na kila mama anataka "kitu cha kupendezesha". Wengi bado wanadhani lazima uende kuchora, au ukandamize kistari hadi ukingoni, kisha ukibadilisha ukubwa wa maandishi vistari viwili vitatu vinamwagikia chini kama mkia wa mjusi. Hakuna haja. Vistari vitatu vya kawaida na Enter, mstari mwembamba. Vya chini vitatu, ule mnene ulionitesa. Alama tatu za sawasawa, mistari miwili. Nyota tatu, nukta nukta. Reli tatu (ileile reli ya kumalizia menyu ya simu) inatoa mistari mitatu, wa katikati mnene; huo nauona mzito mno, labda kwa muhtasari wa kikao. Ninaoupenda ni wa mawimbi: alama ya kiwimbi, kwenye kompyuta yetu iko chini ya Esc, unashika Shift, unabonyeza mara tatu, Enter. Kwenye kadi ya unyago hapo juu ya majina ya makungwi, mama mmoja wa Mikindani aliniuliza nimeuchora saa ngapi. Sikumwambia. Kompyuta yetu nyingine ina LibreOffice, programu nyingine ya kuchapia; nayo inageuza alama tatu kuwa mstari, ila maumbo si yaleyale yote.

Yule mzee aliwahi gari. Kabla ya kuondoka alitia sahihi pale juu ya mstari, taratibu, jina lote. Shahidi wake akaomba kidau cha wino, akabonyeza dole gumba pembeni kabisa, kwenye karatasi tupu.