Nilivyopima uso wa polima iliyoshika silika, hapa Mwanza

Boti ya faiba huanza kuchoka pale maji yanapopenya kati ya resini na nyuzi za kioo. Kioo kwa sehemu kubwa ni silika, ndiyo maana nikataka kuelewa polima, yaani mata ya minyororo mirefu kama plastiki na resini, inavyoshika silika. Nilianza na PMMA, plastiki ya akriliki, rahisi kuichunguza kuliko resini.

Kromatografia ya gesi tumezoea kuitumia kutenganisha mchanganyiko tusioujua. Mimi niliigeuza: unga wa silika yenye polima nikaujaza kwenye kolamu, yaani mrija ambamo gesi hupita, kisha nikadunga mvuke wa vitu ninavyovijua. Mvuke unaokawia kutoka ndio ulioshikwa zaidi.

PMMA niliiyeyusha kwa tolueni, nikatia unga wa silika. Klorofomu niliikwepa makusudi: PMMA ina tabia ya besi, silika ya asidi, na klorofomu nayo ni asidi, hivyo hushindana na silika kuigombea polima. Watafiti Fowkes na Mostafa walilionyesha hilo mwaka 1978. Baada ya kuchuja, nikasuuza unga kwa tolueni safi ili ibaki polima iliyoshika kweli tu. Hatua hii usiiruke hata ukiwa na haraka.

Kazi kubwa ilikuwa unyevu. Hewa ya ziwani haina huruma, na vikundi vya hidroksili (OH) kwenye silika hudaka maji upesi, vipimo vyote vikabadilika. Kolamu niliipitishia nitrojeni kavu usiku kucha kwenye nyuzi 120 za Selsiasi. Umeme ukikatika, naanza upya. Ukaushaji wa nusunusu siuamini.

Kisha nikadunga heksani, heptani na oktani, hidrokaboni zinazozidiana kaboni moja moja, kiasi kidogo mno, ili molekuli ziguse uso bila kugusana zenyewe. Metani, ambayo haishikwi, ilinipa muda wa kupita tu kwenye kolamu, nikautoa kwenye muda wa mivuke mingine. Nilipochora nishati ya kushikwa dhidi ya idadi ya kaboni, nukta zilikaa kwenye mstari ulionyooka. Mteremko wake, kwa njia ya Dorris na Gray ya 1980, hutoa nishati ya mtawanyiko ya uso, yaani mvuto wa kawaida usio wa asidi na besi. Etha, niliyoidunga pia, ilikaa juu ya mstari, na umbali huo ndio mvuto wa asidi na besi. Kwenye silika tupu umbali ulikuwa mkubwa. Polima ilipofunika hidroksili, ukapungua waziwazi. Nilifurahi sana kuuona.

Sasa napandisha joto polepole kupita nyuzi 105, ambapo PMMA ya kawaida hulegea, nione kama hii iliyoshika silika italegea hapohapo au itachelewa.