Kumbikumbi wa mvua ya kwanza

Hapa Tabora mvua huanza kushika mwezi Novemba, na leo alfajiri, baada ya miezi mingi ya vumbi, imenyesha ile ya kwanza iliyolowesha ardhi sawasawa.

Jioni kumbikumbi wakatoka kwenye kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, nasi tukaweka beseni la maji chini ya taa ya barazani, wakawa wanaivamia taa na kudondoka majini, huku watoto wakipiga kelele ambazo bila shaka majirani wamezisikia.

Binti yangu wa miaka 4 hakuokota hata mmoja.

Alichuchumaa pembeni akikusanya mabawa yaliyopukutika, akayapanga kiganjani, kisha akaniuliza: "Baba, sasa watarudije kwao?"

Nilinyamaza. Kaka zake walikuwa tayari wanadai kikaango, na bibi yao alikuwa akisisitiza kwamba kumbikumbi hukaangwa kwa chumvi tu, bila mafuta (nami nakubaliana naye kabisa).

Mabawa yale ameyatia kwenye kasha tupu la kiberiti, na sasa amelala nalo chini ya mto.

Ndugu zangu, ninyi mngemjibu nini?