Bedford imezunguka robo

Leo ni siku ya kumi na moja tangu nimimine dizeli iliyochanganywa na oili kwenye matundu ya plagi ya lori langu bovu la Bedford ili kulegeza injini iliyoganda, na jioni hii hendeli ya kuizungushia imekubali. Imezunguka robo tu, wala sio mzunguko mzima, ila mimi na mpwa wangu tumepiga kelele mpaka majirani hapa Mtama wametoka na fimbo wakijua tumeona nyoka.

Gari yenyewe ni Bedford RL ya jeshi, aina iliyoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1953, foo wili (magurudumu yote yanasukuma), uso bapa, injini ya petroli ya silinda sita imekaa humohumo ndani ya kabini katikati ya dereva na utingo, na kwenye paa kuna tundu la duara la askari kuchomoza kichwa. Watoto wa mtaa wanapanga foleni kuchomoza vyao. Niliinunua msimu uliopita kwa hela ya korosho, kwa mzee mmoja njia ya Nachingwea, yeye aliipata mnadani enzi hizo akabebea korosho na mbao mpaka ikamfia chini ya mwembe. Ukikwangua bluu ya juu unakuta kijani cha jeshi bado kipo.

Mama watoto aliniuliza hiki chuma kitatulisha nini, na nikamjibu ukweli, kwamba hakitatulisha ila nakihitaji.

Babu yangu kazi yake ilikuwa kupaka mashine grisi kwenye mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, huku Nachingwea. Wale Waingereza walianza Kongwa mwaka 1947, vita imeisha juzijuzi tu, matrekta mapya hayapatikani, basi wakanunua mabaki ya jeshi, mengine yametoka mpaka Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman wakavigeuza matrekta, Vickers ndo waliovigeuza na vikaitwa Shervick. Kifaru kinalima karanga jamani! Kule Kongwa walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya katapila mbili wakaburuta pori lote lilale chini, halafu kiangazi udongo ukawa mgumu kama sementi ukala majembe. Mwaka 1951 serikali yao ikaufuta mradi. Huku kusini tukabaki na bandari ya Mtwara, na reli ambayo nayo ikaja kung'olewa miaka ya 60. Kwenye niliyosoma namkuta waziri wao John Strachey kila mahali, babu na wenzie walioingia chini ya mashine zile na kopo la grisi simkuti hata mmoja, na hilo linaniuma kuliko karanga zenyewe.

Ndo maana mwaka jana niliposikia kuna mabaki ya katapila nyuma ya nyumba ya mtu, kwenye mikorosho, nilidandia bodaboda alfajiri nikaenda. Nikakuta watu wa skrepa wameshatangulia na mtungi wa gesi, wamekata vipandevipande, wanapima kwenye mzani. Mwenye nyumba simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Nilimwamkia nikamuomba aniachie angalau kiatu kimoja cha cheni, yaani bamba moja la mnyororo ambao katapila linatembelea, akaniambia chukua mwanangu, nikakibeba mapajani njia nzima. Kipo sebuleni mpaka leo, na mgeni akiuliza namweleza habari za babu hata kama alikuja kukopa sukari.

Sasa kuhusu Bedford. Juzi nasugua kutu mlango wa utingo kwa ndani, nikakuta mistari imechorwa kwa msumari, minne minne na wa tano umekatiza, safu kwa safu, nimehesabu 143 halafu kutu imekula zilizobaki. Mtu alikuwa anahesabu tripu zake. Nimemwambia mpwa wangu pale pasiguswe na msasa wala rangi, hata gari yote ikipakwa upya.

Alitaka tuendelee kuisukuma hendeli usiku huuhuu, "mjomba imeshalegea hii," nikamkatalia. Ringi za pistoni zilizoganda ukizilazimisha zinavunjika, na za kupata nyingine Lindi hii sijui niende kwa nani. Nimeongeza dizeli kidogo kila silinda, nimeziba matundu ya plagi na vitambaa vya kanga kuukuu mchanga usiingie, hendeli nimeichomoa nimekuja nayo ndani kwa sababu namjua huyu kijana.

Kesho baada ya alasiri tunajaribu tena.