Maegesho na Upakuaji wa Mizigo: Jinsi Tulivyotimiza Masharti ya Jiji la Columbus

Mimi na shemeji yangu tulipoamua mwaka 2022 kufungua duka la vyakula vya nyumbani kwenye Cleveland Avenue, kaskazini mwa jiji la Columbus katika jimbo la Ohio, tulijua kwamba unga, dagaa na mafuta ya mawese vitapata wanunuzi miongoni mwa Wakongo, Watanzania, Wakenya na Warundi wanaoishi upande huo. Jengo tulilolipenda lilikuwa na ukubwa wa futi za mraba 3,000, lilikuwa limetumika kama ofisi, na nyuma yake palikuwa na uwanja mpana wa kuegesha magari. Mwenye jengo alitaka tutie saini haraka. Shemeji, ambaye alifanya kazi ya ujenzi kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Marekani, alisema, “Shemeji, tusiweke saini kabla ya kupima ule uwanja.” Nashukuru kwamba tuliusikiliza utepe wa kupimia kabla ya kumsikiliza mwenye jengo.

Sheria ya jiji, katika Sura ya 3312, haihesabu magari yanayoonekana uwanjani. Huhesabu nafasi zinazodaiwa na aina ya matumizi ya jengo. Ofisi hudaiwa nafasi chache kuliko duka, na duka hudaiwa chache kuliko mkahawa. Kwa hiyo jengo ambalo lilikuwa halali kabisa jana likiwa ofisi linaweza kupungukiwa na nafasi leo likigeuzwa duka, ingawa hakuna tofali lililoguswa. Kwa duka la rejareja, kiwango kilikuwa nafasi moja kwa kila futi za mraba 250, na hivyo sisi tulidaiwa nafasi 12. Nafasi yenyewe haina budi kuwa na upana wa futi 9 na urefu wa futi 18, yaani takriban mita 2.7 kwa 5.5, iwe juu ya sakafu ngumu, na iwe imechorwa mistari. Sehemu ya kokoto iliyokuwa pembeni mwa uwanja, ambayo mwenye jengo aliijumuisha katika hesabu yake, haikuhesabiwa.

Tulipima uwanja wote, pamoja na milango, nguzo za umeme, pipa kubwa la taka na mahali maji ya mvua yanapotuama, kisha tukampa mhandisi vipimo hivyo ili atuchoree mchoro wa kiwanja. Mchoro huo ndio uliobeba kila kitu kilichofuata. Idara ya jiji inayosimamia majengo na matumizi ya ardhi iliusoma mstari kwa mstari, na kila swali waliloniuliza lilijibiwa kwa kipimo kilichokuwa tayari kwenye karatasi. Kwa kuweka lami mahali pa kokoto na kupanga magari yasimame yakiuelekea ukuta moja kwa moja, tulipata nafasi 14, pamoja na njia ya kupita gari kati ya safu mbili. Tulipanda pia miti, kwa kuwa sheria ilitaka mti mmoja kwa kila nafasi 10.

Jambo lililotuchukua muda mrefu zaidi, na ambalo naamini lilistahili muda huo, ni nafasi ya watu wenye ulemavu. Hii haitokani na jiji bali na sheria ya nchi nzima ya mwaka 1990, na viwango vyake vya mwaka 2010 havina mzaha. Uwanja wenye nafasi 25 au pungufu unadaiwa angalau nafasi moja, na hiyo moja lazima itoshe gari kubwa lenye lifti au ubao wa kushushia kiti cha magurudumu. Sisi tuliipa upana wa futi 11, na ubavuni tukachora njia ya kushukia yenye upana wa futi 5 ambayo gari haliruhusiwi kusimama juu yake. Upana ulikuwa rahisi; tatizo lilikuwa mteremko. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni 1 kwa 48, maana yake ni kwamba katika urefu wote wa nafasi hiyo ardhi isishuke zaidi ya sentimita 11 hivi. Mbele ya mlango wetu uwanja uliinama zaidi ya hapo kuelekea mtaro. Fundi mmoja alishauri tuchore tu mistari na kusimika kibao, akidai kwamba hakuna atakayepima. Nilikataa. Mtu anayejisukuma kwa mikono kwenye ardhi iliyoinama hupima kila siku, na kiti chake kikianza kuteleza kuelekea magari yanayopita, mistari ya buluu haitamzuia. Tulichimbua lami ya sehemu hiyo, tukaisawazisha upya, na kibao kikasimikwa ukingo wake wa chini ukiwa inchi 60 kutoka ardhini ili kisifichwe na gari lililosimama.

Upakuaji wa mizigo ulitaka akili ya namna nyingine. Mchele na unga husafirishwa kwa trela za futi 53, na trela ya namna hiyo haiwezi kugeuka katika uwanja wetu bila kupanda bustani ya jirani. Wenye maduka wengi huacha lori lisimame barabarani huku taa zikimetameta, lakini Cleveland Avenue ina mabasi ya CMAX yanayopita tangu mwaka 2018, na lori lililoziba njia huwachelewesha hata wateja wetu wanaokuja kwa basi. Tuliafikiana na muuzaji wa jumla kwamba mizigo ihamishiwe kwenye lori fupi lenye jukwaa la kushushia, ifike kabla duka halijafunguliwa, na ipakuliwe kwenye mlango wa nyuma. Kwenye mchoro tulitenga ukanda wa futi 12 kwa ajili yake, mbali na zile nafasi 14, na tukahakikisha kwamba gari la taka nalo linalifikia pipa lake hata lori likiwa limesimama pale.

Palibaki suala la meza. Shemeji alitaka tutenge futi za mraba 600 kwa ajili ya watu kukaa na kula wali na maharage. Mkahawa ulidaiwa nafasi moja kwa kila futi za mraba 75, kwa hiyo sehemu hiyo pekee ilihitaji nafasi 8, na duka lililobaki nafasi 10. Jumla 18, na sisi tulikuwa na 14. Njia ya kisheria ilikuwapo: kuomba mbele ya bodi ya jiji tupunguziwe sharti, baada ya kikao cha hadhara ambapo majirani wana haki ya kusema. Tuliona ni afadhali tufungue duka kwanza, tuuze chakula cha kubeba, na tuwaache majirani waone wenyewe jinsi uwanja unavyotumika.

Mnamo Julai 2024 baraza la jiji lilipitisha kanuni mpya za matumizi ya ardhi kwa barabara kuu, na katika maeneo hayo likaondoa kabisa idadi ya chini ya nafasi za maegesho. Naliunga mkono badiliko hilo kwa dhati, kwa sababu wateja wengi wa duka letu hawana gari, na lami inayokaa tupu ni gharama ambayo mnunuzi huilipa katika bei ya unga. Hata hivyo, nafasi ya wenye ulemavu, njia ya lori na njia ya gari la taka hazikuguswa na kanuni hizo. Tulirudi idarani na mchoro uleule, safari hii ukiwa na meza za shemeji, na ukakubaliwa. Katika mkataba wetu na mtu anayesukuma theluji wakati wa baridi, tuliongeza sharti moja kwa maandishi: theluji isirundikwe kwenye njia ya kushukia kiti cha magurudumu wala kwenye ukanda wa lori, bali ipelekwe pembeni, palipokuwa na kokoto.