Kumbe Ni Lea

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wanajumuiya.

Somo letu wiki hii ni Mwanzo 29:15-35. Lakini kabla hamjafungua Biblia niungame kwanza: Ijumaa usiku, saa ambayo nilipaswa kuwa naandaa tafakari hii, nilikuwa mbele ya televisheni natazama sehemu ya mwisho ya ile tamthilia. Jina silitaji. Wengi wenu mnaijua, na msioijua hamjakosa kitu.

Miezi mitatu nimeifuata, Jumatatu hadi Ijumaa. Kuna siku nililipia kifurushi cha king'amuzi nikasahau luku. Umeme ukakatika zikiwa zimebaki dakika kumi, nikatoka mbio na kandambili kutafuta uniti za elfu mbili. Mume wangu akauliza kama kuna mgonjwa. Nikamwambia yupo, na kwenye tamthilia kweli alikuwepo.

Kisa chenyewe ni penzi la watu watatu. Kijana wa familia ya kawaida anasomea udaktari. Mchumba wake wa kwanza ni fundi wa kushona, na karo ya kijana imetoka kwenye cherehani ya binti huyo, gauni kwa gauni, sare kwa sare. Kijana anafika mjini, anakutana na wa pili: mzuri, mchangamfu, akicheka unajikuta na wewe sebuleni unacheka. Moyo wa kijana ukagawanyika. Lazima niseme kweli, mwanzo ilikuwa tamu. Ilikuwa na swali zito ndani yake: mtu akikuvusha mto mgongoni, ukifika ng'ambo unamlipa nini? Shukrani ikikaa sana hugeuka mapenzi, au huoza? Nilidhani watatujibu. Au kama hawana jibu, basi wakae nalo swali na sisi tukae nalo.

Mbio za sakafuni. Wiki ya mwisho sijui waandishi walichoka, sijui fedha ziliwaishia. Fundi akagongwa na lori. Akalazwa, akaishika mikono ya wale wawili akaiweka pamoja juu ya shuka, akawabariki, akakata roho. Matangazo ya biashara. Tukarudi tukakuta harusi, keki ya ghorofa nne, na maandishi yanapanda.

Mama mkwe wangu, ambaye hutazama huku anachambua mchele hadi tunadhani hafuatilii, aliinua uso akauliza, "Na ile cherehani, nani kaichukua?"

Hakuna aliyemjibu. Watoto walicheka. Mimi nilicheka pia, kisha usingizi ukanipaa.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na tamthilia za kutoka nje. Ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, iliyoonyeshwa TBC mwaka 2011 kwa sauti za Kiswahili, tuliipenda nyumba nzima, na Rais Xi Jinping mwenyewe aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Ile ilikuwa habari ya mke na wakwe, vijineno vya jikoni, na hakuna aliyehitaji kugongwa na lori ili mambo yaishe. Ndiyo maana hii imeniuma. Mtu ameumbiwa kisa, amefanywa tumpende, halafu kwa kuwa kazidi hesabu anafagiliwa nje.

Lakini kuna la kunihusu mimi, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Kuna jirani yangu huja kutazama kwetu tangu televisheni yake iharibike. Ameniridhia niandike haya, ila jina nimwachie mwenyewe. Hukaa kwenye mkeka karibu na mlango. Mumewe ana nyumba ndogo, na siku hizi nyumba ndogo imekuwa kubwa. Huku anapita mwisho wa mwezi, na si kila mwezi. Sasa, kwenye wiki ya saba au ya nane, yule fundi alipokuwa anakataa kumwachia kijana, mimi nilisema kwa sauti, tena kwa kebehi, "Huyu naye, si aondoke tu wenzake wapumue?" Sebule nzima ikaniunga mkono. Jirani yangu akavuta kanga yake mabegani, hakusema kitu. Ijumaa, keki ilipokatwa, aliinuka akasema, "Haya, mlale salama." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Ningependa isingekuwa ya kawaida.

Basi waandishi walifanya nilichowaomba. Niliomba aondoke, wakamwondoa. Nimekasirikia lori ambalo na mimi nilikuwemo.

Twendeni sasa kwa Labani.

Hadithi mnaijua. Yakobo amemkimbia kaka yake, amefika kwa mjomba wake, Labani, akampenda Raheli, binti yake mdogo. Hana mahari, akaahidi kutumika miaka saba, nayo ikawa kama siku chache tu machoni pake kwa jinsi alivyompenda. Usiku wa harusi Labani akamwingiza binti mkubwa. Na hapa Biblia yetu ya Kiswahili imetumia neno ambalo sidhani kama lugha nyingine inalo kwa uzito uleule. Asubuhi, kumbe! Ni Lea.

Tukisoma hapo huwa tunamhurumia Yakobo. Mimi simhurumii sana. Huyu ndiye aliyejifunika ngozi za mwana-mbuzi akamdanganya baba yake kipofu, akachukua baraka ya mkubwa. Sasa na yeye kawekwa gizani hakujua aliyemshika. Na anapolalamika, Labani anamjibu kwamba kwao hawamwozi mdogo kabla ya mkubwa. Kauli hiyo kuambiwa Yakobo, kati ya watu wote! Mwosha huoshwa.

Nisahihishe jambo moja hapo, maana huwa nalisikia hata kwenye mahubiri: Yakobo hakungoja miaka kumi na minne kumpata Raheli. Aliambiwa amalize juma la harusi la Lea, kisha akapewa Raheli, ndipo akatumika miaka saba mingine. Yaani Lea alikuwa bibi harusi siku saba. Siku ya nane shamrashamra zikahamia kwa mdogo wake, mlango wa pili. Ndoa ya namna hiyo, ya dada wawili kwa mume mmoja, wa kwanza akiwa angali hai, baadaye Sheria iliikataza kabisa, Walawi 18:18, na nikisoma nyumba hii ya Yakobo sihitaji kuelezwa kwa nini.

Na kwenye usiku ule, nani aliyemuuliza Lea? Andiko limenyamaza. Hatujui kama alilia, kama alilazimishwa, kama alikuwa anampenda Yakobo kimyakimya miaka yote saba huku akichota maji. Tunaambiwa tu kwamba macho yake yalikuwa dhaifu. Neno la Kiebrania pale laweza pia kuwa laini, mapole, na wafasiri wamevutana. Lakini vyovyote vile, ndugu zangu, ni mtu anayetajwa kwa macho yake tu, kisha anaachwa, na maelezo yote mazuri anapewa mwenzake. Tamthilia yoyote ingemwacha hapo. Kamera ingefuata Raheli.

Mstari wa 31 kamera inageuka. Bwana akaona kuwa Lea hapendwi. Kwa Kiebrania ni kali zaidi, ni amechukiwa. Na yeye aliyeonwa ndiye anayeanza kusema. Mtoto wa kwanza, Reubeni: Bwana ameliona teso langu, sasa mume wangu atanipenda. Wa pili, Simeoni: Bwana amesikia kwamba sipendwi. Wa tatu, Lawi: sasa mume wangu ataambatana nami, maana nimemzalia watatu. Hesabuni wenyewe. Watoto watatu, na katika kila jina kuna mlango ambao mama anauangalia kama mtu ataingia. Kisha wa nne, Yuda: mara hii nitamsifu Bwana. Mume hakutajwa.

Mahubiri mengi huishia hapo. Nimeyasikia kwenye semina za akina mama zaidi ya mara moja: Lea alijifunza kumsifu Mungu, akaachana na habari za mwanamume, na wewe mama jifunze. Huwa yanapigiwa makofi. Mimi naomba mtakapofika mstari wa 35 mfungue ukurasa unaofuata.

Sura ya 30 Lea yuleyule anagombana na mdogo wake kwa sababu ya tunguja. Reubeni kaziokota kondeni wakati wa mavuno ya ngano, na watu wa zamani waliamini tunguja husaidia kupata mimba. Raheli, ambaye hana mtoto, anaziomba. Lea anamjibu kwa maneno ambayo ukiyasikia uswahilini hutashangaa: umeninyang'anya mume, sasa unataka na tunguja za mwanangu? Wakapatana: tunguja kwa usiku mmoja. Jioni Lea akaenda kumpokea mume wake njiani, akamwambia leo unakuja kwangu, nimekukodi. Mke wa ndoa, mama wa watoto wanne, anamkodi mumewe kwa tunguja. Na alipomzaa wa sita, Zabuloni, akasema tena ule wimbo wa zamani: sasa mume wangu atakaa pamoja nami.

Kwa hiyo hakupona. Alimsifu Bwana kweli, na alikuwa bado anangoja. Nalipenda Andiko kwa sababu halikumficha hapo. Jirani yangu anasali rozari kuliko mimi, na akisikia pikipiki usiku bado hunyanyua kichwa. Nani kamwambia kwamba hivyo viwili haviwezi kukaa katika mtu mmoja? Mungu hakumwambia Lea kwamba nitakuona ukiacha kumtamani Yakobo. Alimwona siku ya kwanza, akaendelea kumwona kwenye vurugu ya tunguja. Andiko linasema wazi katika 30:17 kwamba Mungu alimsikia.

(Kuna Bilha na Zilpa pia, wale wajakazi wawili waliotolewa kama vitu na kuzaa watoto wawili wawili. Hao watahitaji tafakari yao. Nawataja ili nisirudie kosa nililoanza nalo.)

Na Raheli asifanywe adui. Ni mchungaji wa kondoo, jina lake lenyewe maana yake ni kondoo jike. Hakuomba dada yake aingizwe mahali pake, na kila mwezi analia. Anamwambia Yakobo nipe wana, la sivyo nitakufa. Miaka mingi baadaye alikufa kweli kwa kuzaa, njiani kuelekea Efrathi, yaani Bethlehemu, wakati wa kumzaa Benyamini. Yule aliyependwa na yule asiyependwa, wote wawili walikuwa wanatazama nyumba ya mwenzake wakidhani raha iko kule.

Lea alikufa lini hatuelezwi. Habari zake zinatoweka tu, na kwa muda unaweza kudhani na hapa waandishi wamemsahau. Hadi sura ya 49, Yakobo ni mzee yuko Misri, anakata roho, anawaagiza wanawe wamzike katika pango la Makpela, lile ambalo Abrahamu alilinunua kwa shekeli 400 za fedha. Anawataja waliolala humo: Abrahamu na Sara, Isaka na Rebeka. Halafu anasema kwamba humo ndimo alimozika Lea. Aliomba alazwe huko. Sisemi kwamba hatimaye alimpenda, Andiko halijasema na mimi sitalitia maneno mdomoni. Nasema tu kwamba alimtaja.

Na wa nne yule, Yuda, ukifungua Mathayo 1 utamkuta mstari wa pili kabisa, kwenye ukoo wa Bwana wetu. Kutoka kwa Lawi wakaja Musa na Haruni.

Jumamosi, baada ya sala ya jumuiya, nilikwenda kwa jirani yangu kuomba radhi. Sitaandika tulichozungumza. Nimeipeleka televisheni yake kwa fundi. Akisema haiponi, mkeka wetu upo palepale na mdomo wangu nitaulinda.

Jioni nikamsomea mama mkwe sura hizi zote, kwa kuwa macho yake nayo ni dhaifu siku hizi. Alichambua mchele mwanzo hadi mwisho. Nilipofika Makpela akasimamisha mkono.

"Kwa hiyo mzee kalala kwa Lea."

"Ndiyo, mama."

Akapeta kidogo, akapuliza makapi.

"Na yule mdogo? Wamemwacha barabarani peke yake?"

Nikashika kurasa, nikazipindua hadi Yeremia 31, pale sauti ya Raheli inaposikika Rama akiwalilia watoto wake, na Bwana anamjibu. Nikavuta kiti karibu na ungo wake, nikaanza mstari wa 15.