Umegonga hamsini, na nyumbani wanakujua kwa miamala tu

Mtumishi wa umma Tanzania kwa kawaida huruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akifika 60. Basi kwenye 48 hivi hesabu zinaanza: mkopo uliobaki, miaka iliyobaki, mwishowe watu waliobaki. Ndipo mtu anashtuka kwamba kwa mama yake hufika kwenye misiba tu.

Wengi hukosea kwa kurudi kwa kishindo. Gari limejaa mchele na mafuta, mbuzi anachinjwa, majirani wanaitwa, kesho yake safari, na hakuna lililozungumzwa. Desemba ndiyo mbaya zaidi. Wanaotoka Dar kwenda Kilimanjaro wanajua nyumba zinavyofurika. Nenda Februari. Lala siku mbili, maana maneno yenyewe hutoka usiku wa pili, watu wakichambua maharage, mikono ina kazi na macho hayalazimiki kukutana.

Kabla ya hapo piga simu siku ileile kila wiki, dakika kumi, kwa wiki sita hivi. Usitume hela siku hiyo. Simu ikifuatana na muamala inakuwa kama risiti. Na ukisema utakwenda, taja tarehe.

Dada anayemuuguza mzazi atakuwa mgumu kuliko mzazi mwenyewe, na ana haki. Shukrani zako ziache kwanza. Muulize dawa za presha ni kiasi gani kwa mwezi, nani anampeleka mzee kliniki, na mara ya mwisho yeye kupumzika ilikuwa lini. Halafu beba kitu kimoja kizima: dawa zote, au wiki moja kila miezi mitatu unalala pale wewe, yeye aondoke. Ahadi za "nikipata" ndizo zilizomchosha.

Kwa mtoto mkubwa, "mimi bado ni baba yako" hufunga mlango. Taja kosa lenyewe: "Mahafali yako ya kidato cha nne sikuja, na ada alilipa mjomba wako." Nyamaza hapo. Ukiongeza "lakini", umeanza kujitetea. Asipopokea simu, shangazi anayemheshimu apeleke ujumbe mmoja, si mama yake. Huenda akajibu "sawa" tu kwa miezi. Ipokee.

Kikao cha ukoo kije mwisho kabisa. Kikitangulia, litafufuliwa lile shamba lililouzwa kimyakimya. Kama muuzaji ni wewe, litaje mwenyewe kabla chai haijamiminwa.