Fimbo na rili za kayaki baharini: pima omo kabla ya kufungua pochi

Wengi huanza kwa kuuliza, "Ninunue rili, yaani mashine ya kukunjia uzi, namba ngapi?" Hilo liache kwanza. Anza na urefu wa fimbo, na jibu lake haliko dukani, liko kwenye kayaki yako. Kaa kitini kama unavyokaa ukivua, nyoosha mkono mbele, halafu mtu akupimie kutoka kwenye ngumi yako mpaka ncha ya omo, yaani mbele kabisa ya kayaki. Kipande cha fimbo kinachobaki mbele ya mkono lazima kizidi urefu huo. Kwa kayaki nyingi za mita 3.6 hadi 4, fimbo ya futi 7 (mita 2.13) inatosha, na futi 6 na nusu inafika kwa taabu.

Sababu ni kolekole. Akishanasa hupiga mbizi, hupita chini ya kayaki na kutokea upande wa pili. Kwenye boti ungetembea naye hadi umzunguke. Kwenye kayaki umekaa, kwa hiyo unachoweza ni kutumbukiza ncha ya fimbo majini na kuizungusha mbele ya omo ili uzi uhamie upande alioko samaki. Fimbo isipofika, uzi unasuguana na plastiki ya chini hadi ukatike, au fimbo inalalia ukingo wa kayaki na kuvunjika hapo hapo.

Kurefusha sana nako kuna balaa lake. Fimbo ya futi 9 ni ya kutupia ukiwa umesimama ufukweni. Ukiwa umekaa, samaki atabaki mita mbili na ushee kutoka kwenye mkono wako, nawe utainua fimbo wima ili umsogeze. Hapo uzito wote unahamia kwenye ncha, sehemu nyembamba kuliko zote, na kaboni haina huruma: inapasuka bila kukuonya. Changu wa kilo mbili anatosha kuivunja. Akifika ubavuni, usiipandishe fimbo juu kuliko mshale unavyoelekea ukiwa kwenye namba 11 ya uso wa saa. Peleka nyuma mkono wenye fimbo, kwa mwingine shika lida, yaani kipande cha uzi mnene kilicho karibu na ndoana, umalize kazi kwa mkono.

Kitako, yaani kipande kilichoko nyuma ya rili, watu hawakiangalii kabisa. Kisizidi sentimita 38 au hivi. Kirefu zaidi ya hapo kinanasa kwenye mikanda ya jaketi la kujiokolea kila unapogeuka, na huwa kinanasa wakati samaki anabadilisha upande.

Kuhusu uti wa fimbo, mimi naona mchanganyiko wa kaboni na faiba unafaa kuliko kaboni tupu. Ni mzito kidogo, lakini unavumilia kugongwa na kafi, na kwenye kayaki utagongwa tu. Tafuta iliyoandikwa pauni 20 hadi 40, yaani nguvu ya uzi unaoifaa, au PE 2 hadi 3, kipimo cha unene wa uzi wa kusokotwa. Hiyo inamudu changu, chewa wa kiasi, sehewa, nguru na mzia. Songoro mkubwa atakuchosha, ila anakamatika.

Sasa rili. Namba 4000, 5000 na 6000 zinatofautiana kati ya mtengenezaji mmoja na mwingine, kwa hiyo usizitegemee. Soma spuli, yaani kigurudumu kinachozungushiwa uzi, inabeba mita ngapi za uzi wa kusokotwa. Unataka mita 250 hadi 300 za PE 2 (unene wa milimita 0.235) au PE 3 (milimita 0.285). Kabla ya kuujaza, zungusha kwanza mizunguko kumi hivi ya mshipi wa nailoni. Uzi wa kusokotwa unateleza juu ya chuma, na spuli nzima inaweza kuzunguka ndani ya uzi huku wewe ukidhani breki, ile inayozuia uzi usitoke ovyo, imekufa. Jaza mpaka ibaki milimita 2 kufika ukingoni. Ukizidisha, uzi unamwagika kwa mafundo ukirusha kukiwa na upepo.

Rili ya spuli iliyolala, ile inayokaa juu ya fimbo, ni nzuri kwa kuburura chambo, na kengele yake inasaidia mikono ikiwa kwenye kafi. Ila kama unanunua moja tu, chukua ya kawaida inayoning'inia chini. Inaburura, inarusha, inashusha jigi, yaani chambo bandia kizito.

Breki ndiyo inayodanganya watu kuliko kitu kingine. Sanduku linajisifu "kilo 12", mnunuzi anafurahi. Hakuna anayeweza kukaa kwenye kipande cha plastiki chenye upana wa sentimita 75 akavutwa kwa kilo 12 kutoka ubavuni, akabaki juu. Kwa uzi wa pauni 30, ambazo ni kilo 13.6, breki ifungwe kilo 3.5 hadi 4 tu. Funga mzani wa mkono kwenye uzi, inamisha fimbo nyuzi 45, mwenzako avute hadi spuli ianze kuzunguka, kisha asome. Fanya hivyo nchi kavu, si kwa kukadiria ukiwa na samaki. Kayaki yenyewe nayo ni breki: samaki akivuta, inamfuata, na kuibeba kunamchosha. Elekeza fimbo omoni akuvute kwa mbele. Akivuta kwa ubavu, legeza kwanza, geuza kayaki baadaye.

Dukani, jaribu ulaini wake. Funga breki kiasi, pitisha uzi kwenye pete za fimbo, uvute taratibu ukiangalia ncha ya fimbo. Ikiinama na kutulia, breki ni nzuri. Ikitikisika kama mtu anayesinzia, inashika na kuachia, na kila inaposhika ndipo fundo linapokatika.

Pete nazo zipitishie kipande cha pamba. Kikiacha nyuzinyuzi, kuna ufa kwenye kauri usioonekana kwa macho, na ufa huo utaukata uzi wako siku ya nguru. Kwa nguru na mzia weka waya mfupi mbele ya lida, kwa sababu ya meno. Lida ya pauni 50, mita moja na nusu, inatosha. Funga tatu nne nyumbani, maana kufunga fundo zuri kayaki ikiyumba ni kujitesa.

Halafu maji. Kwenye boti rili inarushiwa matone. Kwenye kayaki inaoga. Kwa hiyo pesa ya ziada itie kwenye rili iliyozibwa vizuri, mwili na breki, badala ya wingi wa beringi. Ukipita kwenye mawimbi yanayovunja, ukitoka au ukirudi, laza fimbo ndani au uziingize kwenye tundu la omo. Zikiwa zimesimama nyuma yako, kayaki ikipinduka ncha inachoma mchanga na fimbo imekwisha. Kila fimbo iwe na kamba yake, na mbili zinatosha.

Ukifika nyumbani kaza breki kwanza, ili maji yasiingie kwenye visahani vyake. Nyunyizia maji baridi yasiyo ya chumvi kwa upole. Mpira wa kuoshea gari unaisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Futa, legeza breki kabisa, kausha kivulini. Mwisho tia tone moja la mafuta kwenye rola, ile ndogo ambako uzi hupinda kuingia spuli. Hiyo ndiyo hufa mapema: ikiganda, uzi unasugua mahali pamoja na kuchakaa bila wewe kujua kwa nini.

Kwa anayenunua ya mtumba, shika rola hiyo kwa kidole uone kama inazunguka. Geuza mpini nyuma kidogo. Mpini ukicheza zaidi ya kiasi kidogo sana, kizuizi cha ndani kinachouzuia kurudi nyuma kimechoka. Kisha vua spuli utazame chini yake. Ukikuta unga mweupe, chumvi imeshaila alumini, rudisha.